Kupanga umeme wa dharura katika jengo lenye laini zaidi ya moja

Hospitali nyingi za wilaya hazikujengwa kwa mkupuo mmoja. Jengo la zamani lilivutiwa umeme miaka mingi iliyopita; wodi ya wazazi ilipoongezwa ikaja na mita yake; na jengo la upasuaji lilipokamilika kwa fedha za mradi mwingine likaletewa laini ya tatu, pengine kutoka transfoma tofauti kabisa. Hivyo ndivyo hospitali moja inavyojikuta na laini tatu, mita tatu na bodi kuu (makabati ya swichi na breka) tatu, bila mchoro hata mmoja unaozionyesha zote pamoja. Siku uongozi unapoamua kununua jenereta, swali la kwanza linaloulizwa huwa ni ukubwa wake. Swali hilo lina mahali pake, lakini majibu matatu lazima yalitangulie: laini hizi zinatoka wapi, kila waya unakwenda wapi, na nini kitatokea laini moja ikikatika huku nyingine zikiendelea kuwaka.

Mwongozo huu unatumia mfano wa hospitali ya aina hiyo nchini Tanzania, yenye umeme wa fezi tatu wa volti 400/230 na hezi 50. Laini A inalisha jengo la zamani lenye wagonjwa wa nje, maabara na ofisi. Laini B inalisha chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi na watoto njiti. Laini C inalisha pampu za maji, chumba cha kufulia na jiko. Hatua zenyewe zinafaa pia hoteli au jengo la ofisi, ingawa huko uzito wa maamuzi hautakuwa uleule. Usanifu ufanywe na mhandisi aliyesajiliwa, na kazi ya kuunganisha ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Hatua ya 1: Jua kila laini inatoka wapi

Nenda katika ofisi ya TANESCO ya eneo lako na uulize, kwa kila mita, inalishwa na transfoma ipi, transfoma hiyo iko kwenye njia ipi ya kilovolti 11 au 33, na njia hiyo inaanzia kituo kipi cha kupoza umeme. Majibu yanaweza kushangaza. Laini mbili zinazoingia jengoni kutoka pande mbili za barabara zinaweza kuwa zinatoka transfoma moja, na hapo zinakukinga dhidi ya kuungua kwa fyuzi ya laini moja tu. Zikitoka transfoma mbili zilizo kwenye njia moja ya kilovolti 33, nguzo moja ikianguka kabla ya transfoma zote mbili, zote zinazimika. Na hata zikitoka vituo viwili tofauti, bado zote zinaning'inia kwenye Gridi ya Taifa.

Jambo hili lilionekana wazi nchini Kenya usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi nao uliingia gizani kwa saa kadhaa, na serikali ikaeleza kwamba jenereta lililopaswa kuhudumia jengo moja la abiria halikuwaka. Gridi inapoanguka, idadi ya laini haisaidii kitu. Kwa hiyo laini ya pili ihesabiwe kuwa msaada wa kwanza dhidi ya hitilafu za karibu, na jenereta lihesabiwe kuwa chanzo pekee dhidi ya hitilafu kubwa.

Katika hatua hii chunguza pia aina ya mita. Mahali penye mita kadhaa za LUKU, uniti za mita moja zikiisha, upande ule huzimika kama vile umeme umekatika, na chenjiova inayojiendesha, yaani swichi inayohamisha jengo kutoka laini kwenda jenereta na kulirudisha, haina njia ya kutofautisha mambo hayo mawili. Jenereta litawaka na kuunguza dizeli usiku kucha kwa sababu tu hakuna aliyenunua umeme. Mpe mtu mmoja, kwa jina na kwa zamu, jukumu la kuangalia uniti za mita zote, na uweke taa ndogo ya ishara kabla na baada ya kila mita ili mlinzi aone mara moja kama tatizo ni la TANESCO au ni la uniti.

Hatua ya 2: Fuata kila waya hadi mwisho wake

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo iliyonifundisha mengi. Katika jengo moja nililoitwa kukagua, saketi ya majokofu ya maabara ilikuwa imechukua fezi (waya unaoleta umeme) kutoka bodi moja na nyutro (waya unaorudisha mkondo) kutoka bodi ya laini nyingine, kwa kuwa fundi aliyeongeza soketi aliona nyutro ile iko karibu zaidi. Kwa miaka mingi hakuna aliyegundua, kwa sababu nyutro zote zilikutana kwenye transfoma. Jenereta lilipofungwa upande wa laini ya kwanza peke yake, fezi ya saketi ile ikawa inatoka kwenye jenereta na nyutro yake ikawa inarudi TANESCO. Mkondo ukakosa njia ya kurudi kwenye chanzo chake isipokuwa kupitia ardhini. Majokofu yakawa yanapata umeme dhaifu, na waya ambao kila mtu aliamini hauna madhara ukawa na volti za kutosha kumrusha fundi. Nyutro ya kuazima ni hatari ya kimyakimya katika kila jengo lenye laini nyingi, na haina budi kutafutwa kabla ya jenereta kufika.

Itafute hivi. Kwa makubaliano na wauguzi, na kwa saa iliyopangwa, zima breka zote za matawi katika bodi moja huku ukiiacha swichi yake kuu ikiwa imewashwa, kisha pima mkondo wa nyutro kuu ya bodi hiyo kwa mita ya kukamatia, ile inayobana waya kwa nje. Ukikuta mkondo unapita, kuna saketi ya bodi nyingine inayoazima nyutro hapo. Baadaye, wakati jengo likiendelea na kazi, kamata fezi na nyutro za kila saketi kwa pamoja. Jumla ikiwa si sifuri au karibu na sifuri, saketi hiyo ama inavuja ama imeazima. Tenganisha zote. Usikubali ahadi kwamba zitarekebishwa baadaye.

Halafu zima laini moja moja na uzunguke jengo zima ukiandika kilichozimika na kilichobaki kinawaka. Andika kwa chumba na kwa soketi. Kagua pia mpangilio wa fezi katika kila bodi, kwa sababu jenereta lenye mpangilio tofauti na laini litazungusha pampu na mota nyingine kinyumenyume. Matokeo ya kazi hii ni mchoro mmoja wa mstari mmoja unaoonyesha laini zote, mita, bodi na vifaa vikubwa. Bila mchoro huo, yanayofuata yote ni kubahatisha.

Hatua ya 3: Panga vifaa kwa muda vinavyoweza kuvumilia giza

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364, katika sehemu yake ya 7-710 inayohusu maeneo ya tiba, kinataka taa za meza ya upasuaji zirejeshewe umeme ndani ya nusu sekunde, na huduma nyingine nyingi za usalama ndani ya sekunde 15. Jenereta la dizeli haliwezi kutimiza nusu sekunde. Hiyo ni kazi ya betri, yaani UPS au taa zenye betri yake. Kwa hiyo gawa vifaa katika makundi: visivyovumilia hata kupepesa macho, vinavyoweza kungoja sekunde 15, vinavyoweza kungoja dakika kadhaa, na visivyohitaji kabisa umeme wa dharura.

Kundi la mwisho ndilo gumu kisiasa, kwa sababu kila mkuu wa idara ataona chumba chake ni muhimu. Uliza swali moja tu: saa moja ya giza hapa itamdhuru nani? Mashine za kuzalisha oksijeni, vitanda vya joto vya watoto njiti na taa za ngazi zitajibu vizuri. Kiyoyozi cha ofisi ya utawala hakitajibu. Majokofu ya chanjo na benki ya damu hukaa katikati, kwa kuwa yakifungwa vizuri yanatunza ubaridi kwa muda, lakini yasisahaulike umeme unapokatika usiku kucha.

Hatua ya 4: Chagua muundo wa kuunganisha

Njia ya kwanza ni kukusanya vifaa vyote muhimu vya majengo yote kwenye bodi moja ya dharura yenye chenjiova moja. Ni nafuu na ni rahisi kuelewa. Tatizo lake ni kwamba wakati wa kawaida bodi hiyo italishwa na laini moja tu, tuseme B, ambayo sasa itabeba pia vifaa vya jengo la zamani. Lazima laini hiyo, mita yake na transfoma yake viwe na uwezo huo, na bili ya jengo moja itahamia kwenye mita ya jengo jingine. Zaidi ya hayo, chenjiova hiyo ikiharibika, hospitali nzima inaharibikiwa.

Njia ya pili ni kuunganisha bodi kuu za laini mbili kwa swichi ya katikati, ili laini moja ikikatika, nyingine ibebe zote kabla ya jenereta kuitwa. Inavutia, lakini inahitaji idhini ya TANESCO na transfoma zenye nafasi, na pia kufuli za funguo zinazotegemeana: swichi tatu, funguo mbili, ili isiwezekane kamwe kuwasha swichi zote tatu kwa wakati mmoja na kuzigonganisha laini mbili. Naipendekeza kwa majengo makubwa yenye fundi wa zamu saa 24 tu.

Njia ya tatu, ambayo ningeichagua kwa hospitali ya mfano wetu, ni kuigawa kila bodi kuu katika sehemu mbili, ya kawaida na ya dharura, na kuipa kila sehemu ya dharura chenjiova yake inayojiendesha. Jenereta linalisha bodi yake yenyewe, na kutoka hapo kebo moja moja inakwenda kwa kila chenjiova. Laini za TANESCO hazikutani popote. Laini A ikikatika peke yake, jenereta linawaka na kubeba sehemu ya dharura ya A tu, huku B na C zikiendelea na umeme wa gridi. Chenjiova moja ikifa, majengo mengine hayajui. Gharama ni kubwa kidogo, kwa kebo na kwa swichi, lakini hitilafu zinabaki mahali zilipozaliwa.

Waya za kuita jenereta kutoka chenjiova zote ziungwe sambamba, ili yoyote iweze kuita, na jenereta lisizimwe hadi ya mwisho iwe imerudi kwenye gridi. Weka kila chenjiova isubiri takriban sekunde 3 kabla ya kuita, ili umeme unaokonyeza usiwashe mashine bure. Jenereta likiwa tayari baada ya sekunde 8 hivi, chenjiova ya B ihame papo hapo, ya A baada ya sekunde 5 zaidi, na ya pampu mwishoni. Jumla ya muda wa giza wa B inabaki chini ya sekunde 15, na jenereta halibebeshwi vyote kwa pigo moja. Umeme wa gridi ukirudi, subiri dakika 5 hadi 15 za utulivu kabla ya kurudisha, kwa sababu umeme uliorudi mara nyingi hukatika tena, kisha liache jenereta lizunguke bila kubeba kitu kwa dakika 5 lipoe.

Hatua ya 5: Nyutro, ardhi na vizuizi

Katika jengo lenye laini nyingi tumia chenjiova za nguzo nne, zinazokata nyutro pamoja na fezi tatu. Chenjiova ya nguzo tatu huziacha nyutro za jenereta na za laini zote zimeungana daima, hivyo mkondo hugawanyika katika njia usizozipanga na breka zinazokata umeme unapovuja kwenda ardhini huanguka bila sababu ya kueleweka. Kwa chenjiova za nguzo nne, nyutro ya jenereta iungwe na ardhi mahali pamoja tu, penye jenereta lenyewe au kwenye bodi yake. Vyuma vyote vya majengo na fimbo zote za ardhi viungwe pamoja kwa kondakta mmoja mkubwa, ili mtu anayegusa vifaa viwili vya bodi mbili asiwe kiungo kati ya ardhi mbili zenye volti tofauti.

Chenjiova iwe na kizuizi cha kimakanika cha kuzuia gridi na jenereta zisikutane, si cha umeme peke yake. Jenereta liunganishwe baada ya mita, upande wa jengo, wala lisipate njia yoyote ya kurudisha umeme kwenye nguzo. Kule kuna fundi wa laini anayeamini amezima. Jengo likiwa na paneli za sola zenye inveta (kifaa kinachougeuza umeme wa sola ufanane na wa gridi) ya kuunganishwa na gridi, kumbuka kwamba inveta hiyo italiona jenereta kama gridi na kulisukumia umeme. Izime kwa mguso wa ziada (swichi ndogo ya ishara) wa chenjiova kila jenereta linapobeba jengo, isipokuwa una kidhibiti kilichoundwa hasa kwa kazi ya kuzichanganya.

Hatua ya 6: Sasa hesabu ukubwa wa jenereta

Pima sehemu za dharura za laini zote kwa wakati mmoja, kwa muda usiopungua wiki moja. Ukijumlisha kilele cha kila laini kivyake utapata namba kubwa kupita kiasi, kwa kuwa A hufika kileleni asubuhi wagonjwa wa nje wanapojaa na pampu hufanya kazi alfajiri. Tuseme vipimo vya wakati mmoja vinatoa kW 18 kwa A, kW 34 kwa B na kW 12 kwa pampu moja yenye mota ya kW 11. Jumla ni kW 64, ambazo kwa kipengele cha nguvu (uwiano wa kW na kVA, kipimo cha ukubwa wa jenereta) cha 0.85 ni takriban kVA 75. Ongeza asilimia 20 ya ukuaji, unapata kVA 90, na jenereta la kVA 100 linaonekana kutosha.

Kabla ya kuagiza, angalia mota. Mota ya kW 11 huvuta takriban ampea 21 ikiwa kazini, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita au zaidi kwa sekunde chache, yaani ampea 126, sawa na kVA 87. Jenereta lililokwisha kubeba A na B litatikisika, volti zitaporomoka, na mashine za upasuaji zitahisi. Kiwashio cha nyota na delta, kinachoianzisha mota kwa volti pungufu, kinapunguza mkondo huo hadi theluthi moja, na kiwashio laini au kidhibiti cha kasi kinaweza kufanya vizuri zaidi. Kununua kiwashio ni nafuu mno kuliko kununua jenereta kubwa.

Jenereta kubwa lina ubaya wake pia. Usiku, hospitali yetu inaweza kuhitaji kW 20 tu, ambayo ni robo ya uwezo wa jenereta la kVA 100, yaani kama kW 80. Injini ya dizeli inayofanya kazi kwa muda mrefu chini ya asilimia 30 haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote na masizi yenye unyevu hujaa kwenye ekzosi. Ndiyo maana mara nyingi naona heri majenereta mawili ya kVA 60 yanayopokezana na kusaidiana kuliko moja kubwa. Pasipo na fedha za mawili, acha kwenye bodi ya jenereta mahali pa kuunganishia jenereta la kukodi, pamoja na chenjiova ya mkono, kwa siku ambayo mashine yako itakuwa imefunguliwa kwa matengenezo.

Soma pia maana ya namba iliyo kwenye kibao. Kwa kiwango cha ISO 8528, uwezo wa dharura hutolewa kwa mashine itakayofanya kazi kwa saa zisizozidi 200 kwa mwaka, ambazo ni chini ya saa 4 kwa wiki. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, agiza kwa kufuata uwezo wa matumizi ya kawaida, ambao ni mdogo kuliko huo. Na kwa kuwa namba za injini hutolewa kwa nyuzi joto 25 na hewa ya usawa wa chini, omba jedwali la mtengenezaji kwa joto la Dar es Salaam au kwa mwinuko wa Iringa na Mbeya, unaozidi meta 1,500.

Hatua ya 7: Mahali, mafuta na betri ya kuwashia

Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoipiga New York, majenereta ya hospitali ya Bellevue yalikuwa salama ghorofa ya 13, lakini pampu za kuyapandishia mafuta zilikuwa chini ya jengo na zikazama. Watu walibeba mafuta kwa mikono kupitia ngazi, na mwishowe wagonjwa wakahamishwa. Anayejua mvua za masika zinavyolifanya bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi: inua jenereta, tangi, pampu ya mafuta na chenjiova zote juu ya usawa wa mafuriko makubwa kuliko yote yanayokumbukwa na wazee wa eneo.

Kadiria lita 0.27 hadi 0.3 za dizeli kwa kila kilovati-saa. Kwa mzigo wa kW 60 mfululizo ni kama lita 17 kwa saa, lita 408 kwa siku moja na lita 1,224 kwa siku tatu. Chagua tangi kwa kuuliza lori la mafuta litachukua siku ngapi kufika barabara zikikatika. Toa maji chini ya tangi kila mwezi. Betri ya kuwashia iwe na chaja yake inayolishwa na sehemu ya dharura, na ibadilishwe kwa ratiba, kabla haijafa. Jenereta lenye injini nzima na betri mbovu ni jambo la kawaida mno.

Hatua ya 8: Jaribu kila hali, kisha uandike

Laini tatu, kila moja ikiweza kuwaka au kuzimika, zinatoa hali nane. Siku ya kupokea kazi, pitia zote nane jengo likiwa na vifaa vyake halisi, ukianza na laini moja moja, kisha mbilimbili, kisha zote. Ita wauguzi wa kila wodi wasimame kwenye vyumba vyao na waseme walichoona: taa iliyochelewa, UPS iliyolia, pampu iliyozunguka kinyume. Baada ya hapo, washa jenereta kila wiki kwa muda mfupi, na kila mwezi libebeshe jengo kwa nusu saa kwa kuzima laini halisi, kwa kuwa kubonyeza kitufe cha jenereta peke yake hakujaribu chenjiova. Badilisha laini unayoizima kila mwezi.

Kwenye mlango wa kila bodi kuu bandika tangazo lisilofutika: jengo hili lina laini tatu za umeme na jenereta moja, na kuzima swichi hii hakuzimi zote. Onyesha swichi zote nne ziko wapi, na uwape Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nakala. Ule mchoro wa hatua ya pili uwe ndani ya mlango huohuo, ukiwa na tarehe, na fundi yeyote anayeongeza soketi auchore upya na kuutia saini kabla hajalipwa.